Mtandao Umejaa

Mtaa mzima ulimwita Mnara, na mkewe naye alimwita hivyo siku alizokasirika. Jina lilitokana na urefu wake, na pia na mazoea yake ya kushinda juu ya mapaa ya watu. Ukimtafuta chini humpati. Ukiinua uso unamwona amechuchumaa juu ya bati, koleo mdomoni, anamfokea mtu aliyeko ndani ambaye hajui waya upi ni upi. Kazi aliianza enzi za antena za televisheni, zile za kugeuzwageuzwa huku watu ndani wakipiga kelele, "Hapo hapo! Aa, umeharibu, rudi!" Antena zilipokosa soko akahamia kwenye madishi, na madishi yalipopoa akahamia kwenye intaneti. Kila alipohama watu waliambizana kwamba safari hii mzee hatoboi, na kila mara alitoboa, kwa ubishi zaidi kuliko kwa akili. Ubishi huo ndio uliomlisha yeye na nyumba yake miaka yote.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kufufua ruta. Watu walimletea zilizogoma, nyingine aliziokota kwenye ofisi zilizokuwa zinahama. Alifuta programu iliyokuja nayo ruta kutoka kiwandani, akapandikiza nyingine, ile inayoandikwa na mafundi wa kila pembe ya dunia na kugawiwa bure, yenye vipimo na vitufe ambavyo viwanda huvificha. "Kiwanda kinakuuzia punda amefungwa miguu," alipenda kuwaambia wateja. "Mimi kazi yangu kukata kamba." Wateja walicheka, naye alicheka zaidi yao. Ruta ya nyumbani kwake ilikuwa mmojawapo wa hao punda, na ilikaa juu ya kabati la sebuleni ikiwa na antena tatu, moja imeunganishwa kwa gundi.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu na nyembamba. Sebule mbele, chumba cha kulala, jiko, halafu chumba cha nyuma kinachotazama uani. Ukuta kati ya jiko na chumba cha nyuma uliwahi kupata ufa, Mnara akaupigilia wavu wa chuma kutoka juu hadi chini kabla ya kuupiga plasta upya. Alikuwa anajisifia ukuta ule kwa kila mgeni aliyekwenda kunawa mikono jikoni.

Chumba hicho cha nyuma kilikuwa karakana ya mkewe. Mkewe alikuwa mshonaji, mwanamke mfupi mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake. Alimwita mumewe Baba Nanii, ingawa huyo Nanii alikuwa na jina lake na wote wawili walilijua fika. Alikuwa binti yao wa pekee, waliyempata watu walipokuwa wameshakata tamaa kwa niaba yao. Kwa kuwa mama alishinda kwenye cherehani na baba kwenye mapaa, binti alilelewa zaidi na bibi yake mzaa mama. Alipokua akapata kazi nchi ya mbali, kwenye nyumba ya kutunza wazee. Mama mtu alijivuna kwa majirani mchana kutwa, kisha jioni akamlalamikia mumewe kwamba mtoto aliyemzaa kwa tabu anawaogesha mama wa wenzake.

Ugomvi ulianza bibi alipofariki. Binti ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi, akaomba ruhusa akanyimwa. Akapiga simu msibani, analia, anaomba radhi. Mama alikuwa amekaa katikati ya wanawake wenzake, simu imewekwa sauti ya juu ili kila mtu asikie salamu za rambirambi, na uchungu umempanda.

"Bibi yako aliyekubeba mgongoni hukumzika," akasema. "Basi na mimi nikifa usije."

Wanawake wote walisikia, na binti naye alisikia. Simu ikakatika. Kutoka siku hiyo mama na mwana hawakusemeshana tena, maana ukaidi ule wa baba haukuishia kwa baba. Mke aliolewa nao na mtoto alizaliwa nao.

Maradhi ya mama yalianzia miguuni. Kwanza akashindwa kukanyaga pedeli ya cherehani, kisha akashindwa kwenda bafuni bila kushikwa, mwisho akashindwa kusimama kabisa. Kitanda chake kikahamishiwa chumba cha nyuma, kando ya cherehani, kwa sababu kilikuwa karibu na maji na kilikuwa na dirisha la kuangalia watu wanaopita uani. Akamwapisha mumewe asimwambie binti kwamba anaumwa.

"Atakuja kwa huruma," alisema. "Mimi simtaki kwa huruma. Nataka aje kwa kunitaka."

"Sasa atakutaka vipi kama hamsemeshani?"

"Hayo niachie mimi. Wewe niletee huo mtandao wako huku nyuma."

Simu ya mama ilikuwa ya zamani na betri yake ilikuwa imekufa. Ukiichomoa kwenye waya wa umeme inazima papo hapo, kwa hiyo iliishi ukutani kando ya mto, haikutoka chumbani hata siku moja. Bando haikuwekwa, ilitegemea ruta tu, na huko nyuma mtandao wake ulikuwa unafika kwa kujivuta, unaonekana mstari mmoja, ukikohoa unapotea.

Angekuwa mteja, Mnara angemwambia moja kwa moja: vuta waya hadi chumba cha nyuma, weka ruta ya pili. Ruta za pili zilikuwa zimerundikana stoo hadi mlango haufungi. Lakini kuvuta waya ni kazi ya mwanafunzi, na yeye alitaka mkewe aone fundi aliyemwoa. Akaketi sebuleni na kompyuta yake ya kazi, akafungua ukurasa wa ruta, akaenda kwenye kipimo cha nguvu ya kurusha mawimbi. Kilikuwa kimegota, kwa sababu kila nchi ina sheria yake ya nguvu, na ruta hutii sheria ya nchi iliyoambiwa kwamba ipo. Mnara akaidanganya. Akaichagulia nchi nyingine kwenye orodha, yenye ruhusa kubwa zaidi, kisha akapandisha kipimo hadi mwisho.

Alipokwenda kutazama simu ya mkewe, mistari yote ilikuwa imejaa. Kwa kuwa alikuwa mtu makini, hakuishia hapo. Alileta kompyuta yake chumbani, ile yenye antena ya pembeni aliyoichomeka mwenyewe kwa kazi za juu ya mapaa, akafungua video mbili kwa mpigo. Zikakimbia bila kukwama.

"Mtandao umejaa," akamwambia mkewe, kifua mbele. "Sasa ongea hata na walioko mwezini."

"Walioko mwezini sina haja nao," mkewe akajibu, lakini alitabasamu, na Mnara alitembea na tabasamu hilo siku nzima.

Mama alingoja mumewe atoke kwenda kazini, ndipo akaichukua simu. Kusoma na kuandika maandishi madogo macho yalishamkatalia, lakini binti mwenyewe, enzi za amani, alimfundisha kubonyeza ile alama ya kipaza sauti, kuongea, na kuachia. Akabonyeza, akaongea, akaachia. Siku ya pili akaongea tena. Mumewe akirudi humkuta ameikumbatia simu kifuani, hasemi kitu, na yeye kwa heshima haulizi.

Baada ya muda alianza kuuliza yeye mwenyewe. "Baba Nanii, hebu itazame hii simu. Naiona kimya sana."

Mnara aliichukua. Hapa nikiri kwamba kila nikifika mahali hapa natamani kumshika mkono. Alitazama juu ya kioo, pale penye mistari. Chini, kwenye maneno ya mkewe, hakutazama, kwa sababu aliona si adabu kuchungulia ya mama na mwanawe. Kama angetazama angeona kila ujumbe una saa ndogo pembeni, ile inayosema bado, bado, bado.

"Umejaa," akasema.

"Umejaa kweli?"

"Pomoni."

"Basi ni yeye," mkewe akasema, akageukia ukutani.

Naye binti, huko aliko, alikuwa anampigia baba yake mara kwa mara, baba akiwa kazini. Siku moja akamwambia, "Baba, mama amenifungia namba. Kila nikimwandikia inakaa tiki moja tu. Nikipiga haiiti."

Mnara akarudi nyumbani akamvaa mkewe. "Hivi umemfungia mtoto namba?"

"Nimfungie kwa ufunguo gani?" mkewe akashangaa. "Kufungia namba ndiyo nini?"

Mnara akacheka kimoyomoyo. Alimjua mkewe, mtu wa kujifanya hamnazo akitaka. Na binti alimjua, mtoto wa kutia chumvi tangu utotoni. Mmoja anasema naandika sijibiwi, mwingine anasema simu yake iko kimya, na katikati yao yupo fundi ambaye amepima kwa mkono wake akaona mtandao umejaa. Kwa hesabu zake, mmojawapo alikuwa anadanganya, au wote wawili. Mke aliyeishi naye ujana na uzee, na mtoto aliyemngoja kwa dua, wote aliwaona waongo kabla ya kuifikiria vibaya ile ruta.

Ipo siku alijaribu kuwapatanisha kwa nguvu. Binti alipiga simu baba akiwa sebuleni, kwenye intaneti ya nyumbani, na Mnara akaona hapo hapo. "Usikate, mwanangu," akasema. "Nakupeleka kwa mama yako muongee." Akapita chumba cha kulala, akapita jikoni, akiongea njia nzima ili kumshikilia mtoto asije akaogopa. Alipovuka mlango wa chumba cha nyuma akanyoosha mkono kumpa mkewe simu, na mkewe akainuka kwenye mto, akaipokea.

"Haloo?" mama akasema. "Haloo, mwanangu?"

Simu ilikuwa kimya. Mnara akaichukua, akaisikiliza, akaitazama. Mistari imejaa.

"Amekata?" mkewe akauliza.

Mnara alitamani kusema lolote lingine. "Amekata," akasema.

Huko mbali binti alikuwa ameshika simu iliyonyamaza. Alimsikia baba yake akisema "huyu hapa mama yako," kisha kimya, na alichoelewa ni kwamba mama ameikata asije akaisikia sauti yake. Hakumuuliza baba yake siku hiyo wala siku nyingine, na baba naye hakumuuliza. Kila mmoja alimhurumia mwenzake kwa kosa ambalo halikuwepo.

Mama alifariki mchana, mumewe akiwa juu ya paa la watu. Jirani mwanamke ndiye aliyemkuta, akamfumba macho, akamtuma mtu. Mnara alishuka ngazi taratibu, hatua baada ya hatua, kama vile asipofika chini jambo lenyewe litakuwa bado. Nyumbani akachomoa ile simu ukutani, ikazima, akaizungushia waya wake na kuiweka kwenye droo ya cherehani. Kisha akampigia binti yake.

"Njoo," akasema.

"Alisema nije?" binti akauliza.

"Njoo tu, mwanangu."

Alikuja. Ruhusa waliyomnyima kwa bibi walimpa kwa mama. Lakini alipofika nyumbani kwao hakuingia ndani kama mtoto wa nyumba. Alikaa barazani kati ya majirani, begi miguuni. Kaburini alisimama nyuma kabisa ya watu, nyuma hata ya wale waliokuja kwa kupita tu, na mama yake mdogo, dada wa marehemu, alisema kwa sauti ambayo haikukusudiwa kufichwa, "Si aliambiwa asije?" Binti hakulia. Wanawake waliona ana moyo mgumu, wakapeana macho.

Wageni walipoanza kupungua, alimfuata baba yake uani, akamuuliza neno moja ambalo ndilo lililomleta kutoka kote huko.

"Baba, kuna siku yoyote alilifuta lile neno? Hata kwa mzaha. Hata akiwa na homa."

Mnara alimtazama mtoto wake. Alitafuta kila pembe ya kumbukumbu yake. Mkewe hakuwahi kumwambia chochote kuhusu neno lile. Aliliweka liwe kati yake na mwanawe. "Sikumsikia," akasema, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Sawa," binti akasema. Akaingia chumba cha nyuma, akajilaza kwenye kitanda cha mama yake, uso juu, macho makavu.

Asubuhi iliyofuata nyumba ilikuwa yao wawili. Mnara alikuwa amekaa sebuleni hana hili wala lile, na binti alikuwa anajaribu kuwaandikia wakubwa wake wa kazi wamwongezee siku. Akaja akasimama mlangoni na simu mkononi.

"Baba, wifi ya huko nyuma haipeleki."

"Huko nyuma mtandao umejaa."

"Umejaa, naona. Lakini haupeleki kitu."

"Haiwezekani. Nimeipima mwenyewe."

"Njoo uone basi."

Mnara aliinuka, na ukweli ni kwamba aliinuka kwa ahueni. Tangu mazishi hakuna mtu aliyemwomba kitu anachokiweza. Alichukua kompyuta yake, akaketi kando ya kitanda, akaanza kazi kama kwa mteja. Aliizima ruta na kuiwasha. Hakuna kilichobadilika. Alidhani majirani wamejazana kwenye mkondo mmoja wa mawimbi, akaihamisha ruta kwenye mkondo mwingine usio na watu. Ujumbe wa binti ukabaki na kale kasaa kake pembeni. Akaijaribu kompyuta yake: ikafungua kila kitu bila shida. Akaziweka kompyuta na simu bega kwa bega juu ya shuka, chumba kimoja, ukuta mmoja, ruta moja. Moja inapata, nyingine haipati. Akakuna kichwa.

"Labda simu yako mbovu," akasema.

"Sebuleni inafanya kazi vizuri."

Hapo Mnara akafungua ukurasa mwingine wa ruta, ule wa ndani, wenye orodha ya vyombo vyote vilivyoungana nayo. Programu za kiwandani hazikuonyeshi huo ukurasa. Hii yake iliuonyesha siku zote, na kwa wateja ndio aliokuwa anaanza nao. Kwa nyumba yake hakuwahi kuufungua, maana aliiamini. Mbele ya kila chombo pana kipimo cha jinsi ruta inavyokisikia. Kompyuta yake, kwa ile antena ya pembeni, ilikuwa inasikika barabara. Simu ya binti ilikuwa imeshuka chini kabisa, pale ambapo ruta haiwezi kutofautisha maneno na kelele.

"Aa," akasema, na kwa mazoea ya kazi akaanza kueleza, kidole kwenye kioo. "Unaona? Mimi niliiongezea ruta sauti. Inapiga kelele, simu inaisikia hadi huku, ndiyo maana mistari inajaa. Lakini simu yenyewe haina sauti hiyo. Inapojibu, ukuta huu wenye wavu unalimeza jibu, ruta haisikii kitu. Ile mistari inakwambia unavyosikia. Haikwambii kama unasikika."

Alipofika kwenye neno la mwisho akaondoa kidole kwenye kioo.

Binti alikuwa bado anatazama kioo. "Kwa hiyo mtu akiwa humu anaweza kuona umejaa, na asipeleke wala kupata chochote."

"Ndiyo."

"Na mtu akimpigia, haiiti."

"Ndiyo."

"Tangu lini, baba?"

Mnara aliugeukia ukuta wake.

"Tangu lini?" binti akarudia, na sasa alikuwa amesimama. "Mama alilala humu. Simu yake ilikuwa humu. Tangu lini?"

"Tangu alipolala humu," Mnara akasema.

Akavuta droo ya cherehani. Simu ilikuwa pale alipoiweka, imezungushiwa waya. Aliishika, na nisiwafiche, alifikiria. Ni fundi, anajua vitufe viwili vya kubonyeza pamoja ili simu irudi kama ilivyotoka kiwandani, tupu, bila neno la mtu. Binti hajui kilichomo, na hata yeye hajui. Angeweza kusema imeharibika kwa kukaa muda mrefu, na mtoto angeamini, kwa sababu kwenye mambo ya mitambo nyumba nzima ilizoea kumwamini. Alisimama na simu ile mkononi hadi vidole vikamuuma. Kisha akatoka nayo, akapita jikoni, akapita chumba cha kulala, akafika sebuleni, akaichomeka kwenye umeme kando ya ruta.

Ilichukua muda kuwaka. Walisimama wote wawili mbele ya kabati, baba na mwana, hawagusani.

Iliyolia kwanza ni ya binti, mkononi mwake. Ikalia tena. Ikalia tena na tena, haikupumzika, hadi sauti zikaunganika, na kwenye kioo jina lilikuwa lile lile likijipanga kutoka juu hadi chini: Mama, Mama, Mama. Binti aliketi sakafuni pale pale alipokuwa, akaufungua wa kwanza.

"We mtoto," sauti ya mama ikasema, kavu, ya kuanza ugomvi, "hivi huko unakula? Kwenye picha yako humu simuni umekonda shingo kama kijiko." Kisha akaongeza: "Haya. Nilitaka kujua hilo tu."

Wa pili ulikuwa unauliza kama kuna baridi. Mwingine ulieleza kirefu habari ya jirani aliyeleta nguo kupunguzwa, wakati anajua mshonaji hana miguu. Katikati ya mwingine ilisikika redio ya uani peke yake, na mwishowe akasema, "Mimi sijui kuomba radhi, unanijua. Mama yangu hakunifundisha na mimi sikukufundisha." Binti alicheka, na katika kicheko hicho kilio kilichogoma kaburini kikamtoka chote.

"Sikiliza," mama akasema kwenye mwingine, na sasa alikuwa anahema kati ya maneno. "Lile neno la msibani lilitoka kwa uchungu, halikutoka kwangu. Nikifa uje. Umenisikia? Uje, tena ukae mbele, pale wanapokaa wenye mtu wao. Asikwambie mtu ukae nyuma."

Binti aliifunika simu kwa viganja vyote viwili, akainamisha paji la uso juu yake. Mnara alitaka kumshika bega, mkono ukaishia hewani.

Ulibaki mmoja. Sauti ilikuwa imepungua sana, ikabidi binti ailete simu sikioni, lakini nyumba ilikuwa kimya na Mnara alisikia kila neno.

"Mwanangu, nilidhani labda hazikufikii. Nimemuuliza baba yako. Ameitazama simu vizuri, anasema mtandao umejaa. Na baba yako kwenye mambo haya hakosei. Basi nimeelewa. Umelishika neno langu kama nilivyolisema, na haki yako. Sitakusumbua tena."

Binti aliinua uso. Mnara aliona anamtazama, naye akabaki amesimama mbele yake na urefu wake wote, hana pa kuupeleka.

"Ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia."

"Mara ngapi?"

"Kila alipouliza."

Simu ya marehemu nayo ilikuwa imeanza kulia juu ya kabati. Ilikuwa inapokea, moja baada ya nyingine, yote aliyoandika binti kutoka mbali. Mnara hakuyasoma, lakini kioo kilikuwa kinawaka chini ya macho yake na maneno yalikuwa makubwa, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeyakuza kwa ajili ya macho ya mkewe. Mama umelala? Mama nisamehe. Mama hata matusi, niandikie hata matusi.

Binti alijifuta pua kwa mgongo wa mkono. Hakumtazama tena baba yake. Akabonyeza ile alama ya kipaza sauti, akaileta simu karibu na mdomo.

"Mama," akasema, "nimekuja. Ila nilisimama nyuma."

Akaachia. Juu ya kabati, kando ya mkono wa baba yake, simu ya mama ikalia. Ujumbe ulifika mara moja.